Kigezo cha Bodi Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Ripoti za mwisho za kampuni zimefika, orodha ya tasnifu yangu imekamilika. Watu sitini na mmoja! Kigezo changu ni kimoja: yeyote aliye kwenye bodi za kampuni mbili kubwa au zaidi, huyo ni wa tabaka la juu la uchumi. Si gari. Gari hata mimi naweza kuazima. Leo nimemhoji mwenye viwanda vya saruji. Eti yeye mtu wa kawaida tu, matajiri ni wale wa mtaa wa pili. Wa mtaa wa pili nilimhoji juzi — naye alinielekeza huku! Nimecheka peke yangu njia nzima.

Jumatano, 6 Machi

Namba arobaini na nne ni Profesa. Msimamizi wangu wa tasnifu! Yumo kwenye bodi ya benki na ya kampuni ya bima. Nimekagua mara tatu.

Ijumaa, 8 Machi

Profesa kaisoma sura ya tatu, yenye kigezo na orodha. Jina lake hakuligusa. Kasema tu, kwa upole, kwamba bodi mbili ni chache mno, niweke tatu. Tena "tabaka" ni neno kali, "wadau wakuu" lingefaa. Nikiweka tatu wanabaki kumi na tisa, na yeye hayumo! Bila saini yake siwezi kutetea tasnifu, na muda wangu unaisha mwezi huu. Nimekasirika. Si ndiye aliyenifundisha: kigezo kwanza, majina baadaye?

Jumapili, 10 Machi

Mama kapiga simu, nimemweleza. Kasema: Mkono usioweza kuukata, ubusu, mwanangu. Nimeubusu miaka minne, Mama. Midomo imechoka.

Mbili ni mbili.

Jumatatu, 11 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi yake. Nimempelekea karatasi mbili: fomu ya saini, na dodoso lile lile ninalowapa wengine. Nikamwambia: shikamoo Profesa, bodi zinabaki mbili, nawe umo kwenye orodha, naomba nikuhoji. Kasema nisubiri nje.

Saa nzima sasa. Naogopa, lakini sijutii. Katibu muhtasi wake katoka: Profesa anaomba kalamu. Nimempa yangu, hapa naandika kwa penseli. Nimemuuliza, ya karatasi ipi? Kasema hajui, zote mbili ziko mbele yake.