Mlango wa Saba

Jumatatu, 11 Januari 1988

Kinyesi cha popo tena. Nimefagia chumba cha mbele, na kesho kitakuwa kimejaa. Baba anasema tukiziba dari wataondoka. Sidhani. Popo wameishi humu muda mrefu kuliko sisi.

Habuba amekaa barazani, anakohoa na kutazama mto. Habuba ni mama yake Baba, ndiye aliyenilea tangu Mama afariki kule Zaire. Mama alizikwa na watu wawili, Baba na mwenye shamba. Juu yake waliweka matete. Tangu siku hiyo Habuba ana ombi moja tu: afie kwenye nyumba ya kweli, kwao, watu waje.

Ndiyo sababu Baba anainunua hii. Nyumba ya chifu wa zamani. Matofali ya kuchoma, baraza pana, ngazi ambazo zamani watu walivua viatu kabla ya kuzipanda. Mwaka wa kujengwa umechongwa juu ya baraza, risasi zimekula namba mbili za mwisho. Nyuma kuna michungwa, boma la ng'ombe, bustani mpaka ukingoni mwa mto Kochi.

Haina mlango hata mmoja. Habuba anasema upepo unapita humu kama sokoni.

Alhamisi, 14 Januari

Arua, juu ya lori la tumbaku. Nimerudi na nywele nyekundu kwa vumbi.

Mtoto wa chifu ana kazi serikalini, anakaa Arua Hill. Hakuuliza hata kama paa bado lipo. Baba hasomi vizuri, kwa hiyo mimi ndiye niliyesoma karatasi mbele yao. Sauti ilikatika. Nikaanza upya. Nyumba, shamba, na vyote vilivyo vyake. Baba akataka nirudie hapo mwisho. Nikarudia. Akauliza, na milango?

Mtoto wa chifu akacheka. "Milango iko. Haikuenda mbali. Tembea kwa majirani, utapiga hodi kwa mlango yako mwenyewe."

Baba hakucheka. Alitia sahihi akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Nyumba ni yetu. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Jumapili, 17 Januari

Jirani wa chini anaitwa Mama Wani. Anaishi peke yake. Ndiye aliyelima bustani ya mtoni miaka hii yote nyumba ilipokaa tupu. Niliogopa Baba atamfukuza. Hakumfukuza. Wamekubaliana alime, tugawane mavuno nusu kwa nusu.

Amenifundisha kufungua mfereji. Napiga jembe kwa nguvu na maji yanakwenda kote isipokuwa kwenye kabichi.

"Msichana ya shule," akaniambia, "maji haisomi. Ipe njia tu."

Nilicheka. Sijacheka hapa kabla ya leo. Mimi sina maneno mbele za watu, na yeye hayataki. Tunafaana. Shule imeisha kwangu, na Kifaransa nilichojifunza Zaire hakuna anayekitaka huku. Nikiwa bustanini silifikirii sana jambo hilo.

Jumamosi, 23 Januari

Siku mbaya.

Jana Baba alinipa kamba ya katani nipime miimo yote. Milango saba. Nilifunga fundo kwa kila urefu. Wa chumba changu ndio mfupi kuliko yote. Leo tukatoka, Baba, mwenyekiti wa kijiji, askari wawili, na mimi na kamba yangu.

Wa kwanza ulikuwa kwenye boma la mbuzi. Rangi ya kijani bado ipo, na alama za bawaba. Wa pili ulikuwa umelazwa juu ya kijito, watu wanavukia. Wa tatu mzee mmoja alikuwa akiulalia. Hakubisha. Aliondoa majani yake ya kulalia, akasimama akiyakumbatia mpaka tulipoondoka.

Hakuna aliyekana. Waliporudi kutoka msituni vita vilipoisha walikuta nyumba zao zimechomwa na hii imesimama, haina mtu. Wakachukua. Mama mmoja alimuuliza Baba, "Wewe ulikuwa wapi hiyo siku?" Baba akasema alikuwa anakimbia kama wao. Yule mama akasema, basi kama ulikimbia, unajua.

Baba aliniambia niweke kamba. Nikaweka. Fundo lilikaa sawasawa.

Nilitamani lisikae.

Jumanne, 26 Januari

Mlango wa nne tumeupata shuleni, kule wanakofundishia chini ya turubai. Wameupaka weusi, ndio ubao wao. Mwalimu alikuwa katikati ya a e i o u. Baba alimsubiri amalize mstari. Aliona hiyo ni heshima. Kisha askari wakaubeba.

Watoto walitufuata mpaka njia panda wakiimba, Baba Mlango, Baba Mlango. Askari walicheka. Baba alitembea wima kama yuko kwenye gwaride. Zamani alikuwa dereva wa jeshi.

Wa tano na wa sita tuliipata sokoni Koboko, imekuwa meza za nyama. Imesuguliwa kwa mchanga na bado inanuka.

Jumatano, 3 Februari

Fundi amemaliza kuitundika. Baba amempa Habuba ule wa shule kwa sababu ndio mzito na hauna nyufa. Herufi bado zinaonekana ukisimama kando.

Habuba aliufunga. Akaufungua. Akaufunga. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Baba alitoka nje na nikamwona anajifuta uso.

Kwa hiyo sijui. Nilikuwa nimemkasirikia siku nyingi, na leo sikuweza.

Ijumaa, 12 Februari

Sasa unaokosekana ni wa chumba changu tu. Nimetundika blanketi. Nimemwambia Baba linatosha. Anasema binti wa miaka kumi na saba halali nyuma ya blanketi, na karatasi inasema vyote. Anayasema maneno hayo ya karatasi kila siku sasa. Natamani nisingeyasoma mara mbili.

Bustanini nilimwambia Mama Wani kwamba umebaki mmoja. Nilisema tu, kama habari. Aliacha kulima.

"Hiyo usitafute," akasema. "Mwambie baba yako hiyo iliisha."

Nilikuwa na ulimi wa kuuliza, sikuuliza. Sikumwambia Baba pia. Nikimwambia atataka kujua uliishaje.

Jumamosi, 20 Februari

Nitaandika yote halafu sitasoma tena.

Sokoni mtu alimtania Baba mbele ya watu kwamba mlango wa saba binti yake anakwenda kuusalimia kila siku bustanini kwa Mama Wani. Baba alirudi, akamchukua mwenyekiti na askari wale wale, akaniita na kamba. Watu wa sokoni walifuata nyuma kutazama.

Mama Wani alikuwa anachambua simsim uani. Baba alimsalimia vizuri. Akamwambia yeye si mwizi wala mnyang'anyi, anataka kilicho chake tu.

Mama Wani akasimama. Akaonyesha nyuma ya nyumba, penye mawe yaliyopangwa.

"Mlango yako iko pale. Iko juu ya mtoto yangu."

Baba hakuelewa. Mimi nilielewa mara moja.

Mama Wani akaeleza, hakulia. Wani alipigwa risasi mtoni mwaka wa kukimbia. Watu wote walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka. Mama yake alichimba mwenyewe, mchana na usiku. Hakukuwa na ubao wala mkeka. Hakutaka udongo umwangukie mtoto usoni. Akapanda kwa chifu, akang'oa mlango mfupi, ule aliouweza kubeba.

Mtu mmoja nyuma akasema, sasa Baba Mlango atapima na huyu. Wengine wakacheka kidogo.

Nadhani ni kicheko hicho. Baba alisema kila mtu anaweza kupanga mawe na kuyaita kaburi. Mama Wani akaingia ndani, akatoka na jembe, akampa.

"Chimba."

Baba alichimba. Askari hawakumsaidia, na mwenyekiti alitazama miguu yake. Ardhi ni ngumu mwezi huu, jembe lilikuwa linaruka. Nilikuwa nimeshika kamba. Nilitaka kusema, Baba, acha. Maneno matatu. Sikuyasema. Sijui mdomo wangu una kazi gani.

Kisha jembe likagonga mbao. Kijani. Kijani kile kile.

Baba alibaki ameinama muda mrefu. Mama Wani akamwambia, "Umeona. Sasa chukua."

Baba alifukia kwa mikono. Alirudisha mawe, lakini hakujua yalivyokuwa yamepangwa. Mama Wani hakumwelekeza.

Jumapili, 21 Februari

Hakuna aliyetusalimia.

Jumatano, 9 Machi

Mama Wani haji tena bustanini. Nafungua mfereji peke yangu. Kabichi za upande wake zinakauka na nazimwagilia kwanza kabla ya zetu. Kijana aliyetuchungia ng'ombe ameacha kazi. Kisimani nikifika, wanawake wanachota haraka na kuondoka, ndoo nyingine hazijajaa.

Habuba hainuki tena kitandani. Anauliza mbona watu hawaji kumpa pole. Mgonjwa mzee hapa hutembelewa hata na asiyemjua. Nilimwambia wako mashambani. Akaniuliza wanalima nini kwenye ukavu huu.

Hatimaye akamwita Baba. Watoto hupita barabarani wakiimba na masikio ya Habuba ni mazima. Sikutoka chumbani, wala hawakuniambia nitoke. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Umenipa mlango," akamwambia, "umeninyang'anya watu."

Baba alikaa pale sakafuni mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 19 Machi

Habuba amefariki leo asubuhi baada ya sala. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, Baba alikuwa mlangoni. Mkono ulipokuwa mzito nilijua. Sikupiga kelele. Nilidhani nikipiga kelele na hakuna anayekuja, itakuwa mbaya zaidi.

Baba alituma habari Koboko kwa baiskeli ya mpita njia. Akachukua jembe, akaenda chini ya michungwa na kuanza kuchimba. Kwetu haiwi hivyo. Kwetu mwenye msiba hukaa, na watu huja na majembe yao bila kuitwa. Nilitazama barabara. Watu walipita. Walimwona. Walipita.

Shehe alifika na mke wake nyuma ya baiskeli. Tulimwosha mimi na huyo mke. Habuba alikuwa mwepesi sana. Niliishiwa maji nikatoka na ndoo kwenda mtoni.

Niliporudi Mama Wani alikuwa ndani ya shimo.

Sikumwona akifika. Alikuwa na jembe lile lile. Baba amesimama juu, mikono yake inatoka damu, anamwambia aache, kwamba yeye mwenyewe hastahili kusaidiwa. Mama Wani hakuinua kichwa.

"Nilizika yangu peke yangu," akasema. "Hii si kazi ya mutu moja."

Baadaye akaja yule mzee wa majani ya kulalia pia. Aliomba jembe la Baba. Basi. Hao wawili, na shehe na mke wake. Wengine hawakuja.

Mwanandani, shimo dogo la ndani ya kaburi, ulipokuwa tayari, hakukuwa na mbao za kuufunika. Mianzi ya mtoni iliungua mwezi uliopita. Shehe akauliza. Baba akarudi nyumbani. Nilisikia bawaba zinalia. Akatoka amebeba mlango wa Habuba mgongoni, ule wa shule, akaulaza barazani na kuchukua msumeno.

Mlango ulicheza, msumeno haukushika. Mama Wani akapanda zile ngazi, akapiga magoti upande wa pili, akamshikia. Baba alikata, yeye ameshika. Hawakutazamana. Vumbi la mbao liliwaangukia wote wawili, jeusi upande mmoja na kijani upande mwingine.

Udongo haukumwangukia Habuba usoni.

Jumanne, 22 Machi

Mvua ya kwanza. Inaingia chumbani kwa Habuba. Nimeiacha iingie, halafu nikapangusa.

Jumatatu, 28 Machi

Baba ameng'oa mlango wa chumba chake. Ametwanga makaa ya betri za redio na majani ya mhogo, akaupaka weusi mara mbili. Aliubeba peke yake mpaka shuleni. Anasema mwalimu aliupokea na kumshukuru, akaendelea kufundisha. Watoto waliimba aliporudi. Baba Mlango. Hakuwaambia wanyamaze.

Wa mzee pia ameurudisha. Mzee ameukataa. Alisema amekwisha kuzoea chini.

Jumanne, 5 Aprili

Udongo ni mlaini. Asubuhi nilikuta Mama Wani bustanini ameanza kulima upande wake, kama siku zote. Sikujua nisimame wapi. Akasema maharage yanachelewa.

Nilimwambia anisamehe kwa siku ile, kwa kunyamaza. Nilisema yote, bila kukatika. Alisikiliza. Hakusema amenisamehe. Alisema mistari yangu imepinda.

Nikaenda kuleta kamba ya katani. Nilikuwa nimeificha chini ya godoro, mafundo yake yote saba bado yapo. Tuliinyoosha, yeye ameshika mwisho mmoja na mimi mwingine, tukapanda kuifuata. Fundo la mlango mfupi lilifika kabla ya nusu ya mstari. Alilitazama kidogo. Akafukia mbegu pembeni yake, tukaendelea mpaka mtoni.