Mfupa Ndio Ubebe

Manga, Jumanne tarehe 4 Agosti. Asubuhi ya ukungu na manyunyu.

Mjukuu wangu Kemunto,

Hatujambo. Mguu wa babu yako umepata nafuu, na ng'ombe amezaa. Umeniuliza kama unaweza kuja Ijumaa bila kufunga mshipi wa gari, kwa kuwa unakubana tumbo la mimba. Tangu hapo moyo wangu hautulii. Kona za huku hazimwonyeshi dereva ng'ombe aliye mbele. Ufunge, mama.

Nilipokuwa na mimba ya baba yako, nilichuma chai nikiwa nimejifunga nailoni ya kuzuia umande. Kamba yake ilinibana hadi nikaifungua. Mama mkwe akanicheka: "Wewe, unafunga mtoto au kuni? Teremsha! Mfupa ndio ubebe, tumbo lina kazi yake." Akaifunga upya chini ya tumbo, kwenye nyonga, nami nikachuma hadi jioni.

Nawe fanya hivyo. Mshipi wa chini ukae kwenye nyonga; wa juu upite katikati ya matiti, kando ya tumbo. Vua sweta nzito kwanza, ili mshipi ukushike vizuri.

Jana nililala saa nane usiku. Ijumaa nikikuona unafungua mshipi mlangoni petu, nitalala saa tatu.

Nyanya yako