Uyoga Ulionuka Karibu na Kaburi la Tumaini

Njombe, Jumatano. Ukungu tangu alfajiri, na baridi inayouma mpaka mifupani.

Leo nimelia. Tangu surua imchukue binti yangu Tumaini mwezi uliopita, machozi yalikuwa yamekataa kutoka.

Tulimzika hapa nyumbani, kando ya bustani ya maboga. Mvua ilipokatika Jumapili, upande ule ukaanza kunuka. Harufu ya mzoga. Nzi wakajaa.

Sikumwambia mtu. Ningesemaje? Nilidhani ni mwanangu.

Jana jirani yetu, Mama Atupele, alisimama uani kaziba pua kwa khanga. "Kaburi hili limechezewa," akasema. "Mtoto kafukuliwa. Waiteni wazee." Alikuwa akimtazama mama mkwe wangu, mjane ninayeishi naye, ambaye tangu msiba watu wananong'ona kuwa ni mchawi.

 Asubuhi hii Mama mkwe akachukua jembe, akanishika mkono. "Twende, mwanangu. Tukaone wenyewe."

 Kaburi lilikuwa zima, majani mateke yameanza kuota juu yake. Mama akawafuata nzi mpaka katikati ya maboga, akafunua majani. Pale palikuwa na kitu ambacho sijapata kukiona: shina jeupe limechomoza katika ganda kama la yai, na juu yake vidole vyekundu vimetanda kama nyota, vimejaa ute wa kahawia. Harufu ilitoka hapo.

"Uyoga," Mama akasema. "Uyoga tu. Mtoto wako amelala."

Nikakaa chini kwenye matope nikalia mpaka sauti ikakauka.

Mama alimwita jirani aje aone kwa macho yake. Alikuja, akatazama, akaomba radhi kwa sauti ndogo. "Haya," Mama akamjibu, basi. Alipoondoka ndipo nilipoona Mama anavyouegemea mpini wa jembe kwa uzito wake wote. Kumbe naye aliogopa.

Baba Tumaini yuko Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Habari za msiba hazijamfikia. Jioni hii mtu aliyetoka huko ametuletea salamu zake: Ijumaa atashuka kwenye lori Makambako, na amemnunulia binti yake viatu.

Nitakwenda kumpokea.

Nitamwambiaje, kabla hajafungua mzigo?