Ini la Mbuzi wa Mahari

Morogoro, Septemba 2013

Kaka Yohana,

Hamjambo nyumbani? Mgongo wa mama umetulia? Mimi mwili mzima, lakini roho haijatulia tangu uliponikatia simu Jumapili. Nimeona niandike, maana karatasi huwezi kuikata katikati. Mwalimu mmoja wa Kasulu anapanda basi kesho, atakupa mkononi. Nakuomba uisome yote kabla hujakwenda kwenye kikao cha kitongoji.

Ini la mbuzi wako wa tatu kufa, ulilomkabidhi bwana mifugo, lilifika salama ndani ya barafu. Nilipolifungua tu nikaingiwa na hofu. Lilikuwa la njano, linateleza kwa mafuta. Nikakata kipande, nikakisaga na dawa, nikakizungusha kwenye mashine mpaka maji yakajitenga na makapi. Ndiyo kazi yangu hapa maabara. Katika maji hayo unatia kimeng'enya, ambacho hushika kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote, kisha unapitisha mwanga na kusoma kiasi kilichomo. Nilitafuta ketoni, ambazo ini hutengeneza kwa wingi mnyama anapokosa sukari mwilini akaanza kuchoma mafuta yake mwenyewe.

Kaka, zilikuwa nyingi mno. Nikadhani nimekosea, nikarudia, nikapima pia ini la mbuzi wa buchani ili nilinganishe. La buchani lilikuwa nazo chache tu; la mbuzi wako jibu likawa lile lile. Mkuu wangu akaniuliza kama mbuzi huyo alikuwa na mimba ya mapacha. Nikamwambia ndiyo, kaka alikuta vitoto viwili tumboni.

"Basi huyo kafa kwa njaa," akasema. "Mapacha wamemla mama yao."

Sitakudanganya. Kipimo changu hakitafuti sumu, na siwezi kuapa juu ya nisichokipima. Lakini kusaga meno, kujitenga, kugandamiza kichwa ukutani, yote uliyonisimulia ni ya ugonjwa huu. Mbuzi wa mahari umewafungia ndani tangu ulipoposa Kibondo, kwa kuogopa macho mabaya ya watu, na kiangazi chote hiki wanakula mabua makavu. Najua wengi kwetu hufanya hivyo, wala sikucheki. Ila wenye mimba hawakuhimili.

Unasema jirani yetu Mzee Nzeyimana alitia sumu kwenye majani ya viazi aliyokuletea, kwa kuwa mbuzi wa kwanza aliyala na kesho yake akafa. Lakini mama ameniambia kwamba tangu siku hiyo kila alicholeta mzee ulikitupa jalalani. Wawili waliofuata hawakuonja hata jani moja, na wamekufa vilevile. Huyo wa kwanza majani yalimfika kwa kuchelewa, ugonjwa umekwisha kumzidi. Hawa wawili yangewaponya, na hilo ndilo linaloniuma.

Ile kauli yako ya kwenye simu inanirudia hata nikiwa kazini: "Huyo Mrundi atarudi kwao, na mimi ndiye nitakayesema." Naogopa sana, kaka. Unajua jinsi mambo yalivyo huko sasa, na hii operesheni ya kuwarudisha wageni kwao. Ukisimama ukayasema hayo mbele ya watu, nani atamuuliza karatasi zake? Watampakia hadi mpakani Manyovu na kumvusha, na kule hana mtu. Amelima hapo Nyakitonto tangu kabla wewe na mimi hatujazaliwa. Mazishi ya baba alichimba kaburi pamoja na wajomba.

Yule mbuzi mmoja aliyebaki mtoe nje leo hii, apate majani mabichi, na umwite bwana mifugo amwangalie. Watu wakimtazama, wamtazame.

Msalimie mama, umwambie kikohozi changu kimekwisha. Msalimie shangazi muuza dagaa, na mchumba wako akija kutoka Kibondo. Mwambie wifi yake anamtaka hata kama mahari itachelewa.

Na Mzee Nzeyimana mpe salamu zangu nyingi. Hizo usimtume mtu, zipeleke mwenyewe, na ukifika umwombe majani. Ukikuta nyumba yake imefungwa, usipoteze muda kunipigia simu. Panda gari la Manyovu ukamtafute.

Mdogo wako,
Konsolata