Kiwiko Dirishani

Jumatatu, 9 Machi
Bila mimi ukoo huu usingekuwa na historia. Serikali ina makumbusho, ukoo wetu una simu yangu. Picha elfu tatu mia moja na kumi na mbili! Fundi simu mwenyewe kashika kichwa. Mzee, simu imeshiba mpaka imevimba. Kweli — betri imevimba, kifuniko kimeinuka. Inakufa. Nichague mia mbili azihamishie kwenye simu nyingine, zilizobaki ziende na maji. Mwisho Jumamosi.
Sikusikia uchungu wala nini. Nikasema sawa.

Jumanne, 10 Machi
Binti wa marehemu kaka kapiga. Anataka picha moja tu ya baba yake kwenye usukani wa lori, aitie fremu. Ile ya kitambulisho haitaki — eti baba yake pale kama kakamatwa na kuku wa watu. Nikamwambia, mwanangu, moja? Ninazo mia! Kashukuru. Baba mdogo, nilijua ni wewe tu.
Wiki ya saba tangu tumzike. Lori lake bado liko uani kwetu. Nazunguka nyumba nisilione. Watu wanasifu kwamba nimejikaza kiume. Sijajikaza. Moyo umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa — unajua ni wako, lakini huusikii.

Jumatano, 11 Machi
Nimechagua picha kazini, ghalani, saa ya chai, nyuma ya mifuko ya saruji. Mimi na gari la mkurugenzi — ibaki. Mimi na samaki mkubwa kuliko mtoto (nilimnunua, lakini nani anajua?) — ibaki. Mimi na suti ya kuazima — ibaki. Mimi, mimi, mimi.
Mwenzangu wa zamu kachungulia. Dereva, tupe kisa cha ule mlima! Ghalani wote wananiita Dereva. Nikawapa. Ukungu, breki zimekata, nateremka kwa rivasi kilomita nne, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili unamenya ndizi. Mmoja akauliza ndizi humenywaje kwa mkono mmoja. Meno, bwana! Wamecheka mpaka chai imemwagika. Mimi nilikuwa nasikia sauti yangu kama redio ya jirani.

Alhamisi, 12 Machi
Mke wangu kaichukua simu, kaipekua. Humu umejaa wewe tu, kama mgombea! Shemeji yangu yuko wapi?
Nikamwonyesha. Mgongo wake, harusini. Kofia ya shangazi, na sikio lake nyuma ya kofia. Miguu yake miwili imetokeza chini ya lori, anatengeneza. Hakupenda picha yule. Ukimlenga anageuka — picha ya nini, uso si ninao?
Nimefuta mia tisa zangu. Dole gumba limechoka. Samaki kaenda. Suti imeenda. Miguu imebaki.

Ijumaa, 13 Machi
Ipo moja. Nilijua ipo. Nilikuwa naikwepa wiki nzima.
Mimi nimesimama nje, nimeegemea mlango wa lori. Kaka yuko ndani, kwenye usukani, kiwiko dirishani, anacheka. Siku hiyo tu ndiyo alikubali.
Ila niliikata. Nilitaka kuwaonyesha wa ghalani, na kichwa chake kilikuwa kinaharibu hadithi — dereva yuko nje, na huyu ndani ni nani? Nikakata. Kikabaki kiwiko.
Nimekimbia kwa fundi. Irudishe! Kasema mzee, ulihifadhi juu ya ileile, kilichokatwa kimekatwa. Kisha kauliza, huyu mwenye mkono ni nani?
Nikasema utingo wangu.
Nimesema hivyo! Nikaaga, nikarudi kazini, nikahesabu mifuko.

Jumamosi, 14 Machi
Binti kaja asubuhi, fremu tupu mapajani. Nikamwambia nyingine zimeharibika, simu mbovu. Nikampa kiwiko. Kakitazama muda mrefu. Hakuuliza kichwa kiko wapi. Kasema, huyu ni baba. Kapangusa kioo cha simu kwa kiganja.
Mke wangu akadakia. Usihuzunike, mwanangu, baba yako mdogo si yupo? Yeye na baba yako wamepokezana usukani miaka kumi na minane! Maneno yangu hayo, neno kwa neno. Kaka alikuwa akiyasikia hapahapa mezani. Anakoroga chai. Hakuniumbua hata siku moja.
Binti kainuka. Funguo anazo, betri ya lori kaleta. Baba mdogo, basi ingia wewe, ulisogeze mpaka getini penye mwanga, nikupige picha pale alipokuwa anakaa. Nitaitia fremu hiyohiyo.
Nikasema natafuta miwani.
Niko chumbani, naandika mbiombio. Lori limewaka — kikohozi kilekile. Namwona dirishani. Kaliwasha, kisha kahamia kiti cha pembeni. Kiti cha utingo. Kiti changu, miaka yote kumi na minane kabla ya ghala. Cha usukani kaniachia.
Honi. Mke wangu anagonga mlango: miwani si uliivaa kichwani, we mwanamume?
Kweli. Ninayo.
Sijui kuendesha gari. Sijawahi. Hata hiyo rivasi siijui iko wapi.