Mgomba Kaburini

Bakoba, Bukoba
Jumapili, 9 Juni 1974

Kwa Baba yangu mpendwa, Ta Ishengoma, Kagoma

Shikamoo, Baba. Kwanza nakuulizia mguu, maana Bashiri, dereva wa lori la kahawa, kaniambia umeanza tena kuchechemea. Mama anakukanda? Na kifua chake kimepoa? Mimi mwili hauna neno, nakula na kulala. Ila kichwani, Baba, mwanao nimevurugika, na barua hii nimeshaiandika na kuichana.

Kazi yetu katika wodi ya wagonjwa wa akili imegeuka siku hizi. Zamani mgonjwa alifungiwa humo mpaka anazeeka. Sasa tunaambiwa akipata nafuu arudi kijijini, alime na wenzake, ajione mtu. Maneno mazuri, nami niliyapigia makofi kwenye semina. Lakini sisi wauguzi tu wachache, dawa mara zipo mara hazipo, na huko vijijini hakuna aliyewauliza watu kama wako tayari.

Tuna mgonjwa mmoja, Mushumbusi, mtu wa huko kwetu upande wa kuelekea ziwani, ila mimi sikumfahamu, si unajua nimekulia shule za bweni. Polisi walimleta miaka miwili iliyopita, wamemkuta uchi sokoni, hajui hata jina lake. Alipotulia alilikumbuka jina, akataja na kwao, akawa mpole na hodari wa kulima bustani ya wodi. Tukatuma salamu kwao waje wamwone. Kimya. Siku moja mama mmoja wa kijijini kwao alikuja kumwangalia mgonjwa mwingine. Kumwona Mushumbusi, alitupa kikapu akakimbia huku akipiga yowe. Tangu siku hiyo Mushumbusi akawa anatuambia kwamba kwao wameshamzika.

Mawe, mama wee! Sisi wasomi tukatazamana, tukasema ugonjwa umerudi. Daktari akaongeza sindano, nami ndiye niliyemchoma huku nikimbembeleza kwamba mtu hazikwi akiwa hai. Alinijibu taratibu kwamba hata yeye anaona ni ajabu. Mwishowe akanyamaza, nasi tukaandika kuwa amepona.

Wiki iliyopita nilipewa Landrova nimrudishe kwao. Tulipofika watoto walikimbia, wanawake wakajifungia. Mdogo wake, Anatory, alisimama kwenye migomba na panga mkononi. Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyetueleza. Mushumbusi alipougua alivua nguo zake ufukweni akaenda zake. Ndugu walizikuta, wakaamini ziwa limemchukua, wakautafuta mwili wasiupate, wakazika mgomba mahali pake kama ilivyo desturi. Wakanyoa nywele, wakamsimika Anatory awe mrithi wa kibanja chote, nyumba na migomba. Kaburi lipo, Baba, pembeni mwa nyumba, limepaliliwa vizuri kabisa. Mushumbusi alilitazama, kisha akaniuliza kama sasa nimemwamini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama yake, kikongwe wa watu, alitaka kumkimbilia mwanawe, wakamshika. Wanasema aliyezikwa hapiti mlangoni mpaka mgomba ufukuliwe, la sivyo ataleta msiba wa kweli. Anatory akasema yeye hafukui kitu, kwani hakujisimika mwenyewe. Nikafoka pale, nikataja ujamaa, nikataja serikali, wakanitazama tu. Mpaka leo sijui kama wale ni wakatili au ni watu wanaoogopa.

Njiani kurudi Mushumbusi aliniomba jambo. Alisema kwao yeye ni maiti, huku ni mwendawazimu tu, na mwendawazimu angalau anapewa uji, kwa hiyo niseme ugonjwa umempanda tena. Nikakubali, Baba. Nilimdanganya daktari nikidhani nimempatia mtu mahali pa kulala huku tukitafuta njia. Kumbe daktari kaona huu sasa ni ugonjwa sugu, na Alhamisi Mushumbusi anapandishwa meli ya Mwanza, apelekwe hospitali kubwa ya Dodoma. Tangu aambiwe hajala. Nikisema kweli, anatolewa nje hana pa kwenda. Nikinyamaza, anakwenda kufungiwa na akili zake timamu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niichane ile barua ya kwanza. Nilimuuliza Anatory ni nani basi aliyemsimika. Akasema ni wewe, Baba, mzee uliyeitwa kusimamia mazishi yale. Akasema pia kwamba salamu zetu zilipofika alikuja kwako kutaka ushauri, ukamwambia marehemu hatumi salamu, huyo ni tapeli anayetaka kibanja.

Jamani, Baba! Kwa nini hukuniuliza mimi? Neno moja tu kwa Bashiri lingetosha. Au ni kwa sababu huko Kagoma unawaambia watu niko wodi ya wazazi? Mama alinidokeza hilo zamani nikacheka. Leo sicheki. Nataka kukukasirikia nashindwa, maana nami nimedanganya. Wewe umemfanya maiti, mimi nimemfanya mwendawazimu, na mtu mwenyewe ni mzima.

Anatory alisema neno moja la mwisho, kwamba mgomba ule ataufukua yule aliyesimamia siku unazikwa, si mwingine. Basi barua hii anakuletea Bashiri, na Jumatano nitamtoa Mushumbusi wodini bila ruhusa ya mtu, tutapanda lori la Bashiri, na kabla ya mchana tutakuwa kwao. Nikirudi nitamweleza daktari yote, na kazi ikienda na iende. Najua mguu unakusumbua, na najua si jambo dogo mzee kama wewe kusema mbele za watu kwamba alikosea. Lakini nakuomba, Baba waitu, nikukute pale kaburini, na jembe.

Mpe Mama mkono wangu, umwambie asilie kabla sijafika. Wasalimie wadogo zangu wote, na jirani wakikuuliza habari zangu, wasomee jina langu hapo chini kama lilivyo.

Ni mimi binti yako,
Joviana Ishengoma,
Muuguzi, wodi ya wagonjwa wa akili