Chapa ya Ukoo, Sikio la Tiya

Oslo, 2 Februari 1986

Mama mpenzi,

Salaam aleikum. Mimi ni mzima, ila baridi ya hapa haina adabu. Goti lako linaendeleaje? Na majirani wa Bulla Pesa?

Juzi mwalimu wa kompyuta alinipigia mstari mwekundu. Huku tunapanga vitu kwa aina. Tuseme aina ya kwanza ni Mnyama: ana chapa, ana umri. Kutoka kwake inazaliwa aina ya Ng'ombe. Hiyo inarithi chapa na umri bila kuandikiwa tena, halafu inaongeza vyake, kama maziwa na mkato wa sikio. Mwalimu alitaka niorodheshe vya Ng'ombe mwenyewe tu. Mimi nikatumia amri inayotoa vyote, hata vya kurithi. Akasema nimeorodhesha nyumba ya mzazi. Nilikasirika, kwa sababu ni kweli.

Ng'ombe wangu huko Burat wakoje?

Binti yako,
Tiya

Bulla Pesa, 9 Machi 1986

Tiya mwanangu,

Waaleikum salaam. Goti ni lile lile, limezoea kulalamika. Naandika kwa mkono wangu, usicheke. Kwenye gumbaru, masomo ya watu wazima, hawakutufundisha urembo.

Tangu tumzike baba yako nilitaka amani tu. Ijumaa akaja baba yako mdogo Ado kugawa urithi. Alipita boma la Burat akahesabu kila ng'ombe mwenye chapa ya ukoo: ishirini na watatu. Wako wamo. Nikamwambia wanane ni uzao wa mtamba uliyepewa na baba yako siku ulipokatwa kitovu, na alichotoa mtu akiwa hai si urithi. Akacheka. "Shemeji, msichana yuko kwa wazungu, ng'ombe wa nini? Chapa ni moja." Atakuachia watatu, anasema, kwa huruma.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ado amefanya kosa lako, ila wewe ulikubali. Wazee watakaa mwezi ujao. Niambie nisemeje.

Mama yako

Oslo, 30 Machi 1986

Mama,

Salaam aleikum. Natumaini uko salama. Mimi nina hasira tu, na hasira haiui.

Usikubali watatu. Nikiwapokea kwa huruma, nimesema wale watano si wangu. Chapa haimwambii mtu lolote hapa, maana inatoka juu, kwa ukoo. Kila ndama wa boma anaipata. Waulize wazee kila ng'ombe ana nini ambacho hakikutoka juu. Baba aliwakata wangu sikio la kushoto mara mbili, wake akawakata la kulia. Wayaweke kando yanayofanana kwa wote, kisha watazame masikio. Wasomee haya na useme ni mimi nimesema. Baba mdogo akisema sina heshima, mwambie heshima ninayo, ng'ombe wa kumpa ndio sina.

Binti yako,
Tiya

Bulla Pesa, 4 Mei 1986

Tiya mwanangu,

Waaleikum salaam. Tuko wazima, na mvua imefika.

Wazee walikaa Jumatano, Jaldesa akiwa mkubwa wao. Nilisoma maneno yako yote, hata lile la heshima. Ado akasema karatasi haina haki ya kuongea bomani. Jaldesa akamjibu, "Masikio je?" Akaagiza ng'ombe wapitishwe mlangoni mmoja mmoja. Mkato wa kushoto, wanane. Akasema ng'ombe wa kitovu hagawiwi. Mkato wa kulia, kumi na mmoja. Hao ni wa marehemu, ndio watakaogawiwa, na fungu letu limo.

Wakabaki wanne wenye masikio mazima. Ado akasema ni wa ndugu yake, alisahau tu kuwakata. Tiya, nikasimama. Nikasema hao ni uzao wa ng'ombe niliyekuja naye kutoka kwa baba yangu huko Merti. Wamezaliwa hapa wakapigwa chapa, lakini baba yako hakugusa masikio yao, maana alijua ni wa nani.

Jaldesa akauliza mbona miaka ishirini na sita nimenyamaza. Nikamwambia hakuna aliyeniuliza vyangu. Siku zote mliuliza vya boma. Wazee wawili waliokuwepo arusini wakasema ni kweli. Ado akaondoka bila chai.

Niliogopa, sikufichi. Lakini nimechoka kuhesabiwa ndani ya watu wengine. Kesho nawahamishia Merti wanne wangu. Kaka yangu Boru atawaswaga, mimi nitapanda lori kwa ajili ya goti. Ado akitaka kuwahesabu tena, njia anaijua.

Mama yako,
Kabale